Sura ya Nne: Kijana wa Kanyangi na Bunge Lake

"Nikisema mimi, nani atanisikia?"

Swali hilo huulizwa na vijana kote Kenya, na katika sehemu za mbali na Nairobi huulizwa kwa uchungu zaidi. Anayeliuliza anaweza kuwa mwendesha bodaboda anayesubiri abiria sokoni Kanyangi, msichana aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kusubiri karo ya chuo, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwavonza. Wote wamewaona wabunge kwenye simu wakiitikia "ndio" na "la". Wote wamemwona mheshimiwa fulani akija mazishini na msafara wa magari, akasema maneno matamu, akaondoka. Basi wanahitimisha kwamba Bunge ni la wakubwa, na kwamba kazi ya kijana ni kupiga kura kila baada ya miaka mitano, na kuandamana mambo yakizidi.

Sikubaliani na hitimisho hilo, na sura hii ni maelezo ya sababu zangu. Katiba inalilazimisha Bunge la Kenya kuwasikiliza wananchi. Ila usikilizaji huo una majira yake, na mara nyingi sauti za vijana, hata zikiwa kubwa namna gani, hufika majira hayo yamekwisha. Atakayejua lini azungumze, na nani, na kwa karatasi ya namna gani, atasikika hata kama hajawahi kukanyaga Nairobi.

Nani anakuwakilisha wewe?

Demokrasia ya bunge ni utaratibu ambao wananchi hawatungi sheria wao wenyewe, bali huwachagua wawakilishi wa kuwatungia, kisha huwafuatilia na kuwahoji. Kenya haifanani kabisa na Uingereza, ambako waziri mkuu hutoka miongoni mwa wabunge. Sisi rais tunamchagua moja kwa moja. Hata hivyo hakuna kodi inayotozwa, wala shilingi ya serikali inayotumika kihalali, pasipo sheria iliyopitishwa na wawakilishi wetu. Ndiyo maana Bunge ni pahali pa kuangaliwa kwa makini.

Kanyangi ni wadi, yaani sehemu ndogo kabisa inayochagua mwakilishi wake. Pamoja na wadi za Kisasi, Mbitini na Kwavonza/Yatta, inaunda eneobunge la Kitui Rural. Mpigakura wa Kanyangi hupewa karatasi sita siku ya uchaguzi. Mbili ni za rais na gavana. Nne zilizobaki ndizo zinazojaza mabunge:

- Mbunge wa Kitui Rural na mwakilishi wa kike wa Kaunti ya Kitui huenda Bunge la Kitaifa. Humo mna wabunge 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wanaoteuliwa na vyama, mbali na Spika.
- Seneta wa Kitui huenda Seneti, ambayo kazi yake kuu ni kulinda kaunti na fedha zake. Ina maseneta 67 na Spika.
- Mwakilishi wadi huenda Bunge la Kaunti mjini Kitui, anakokutana na wenzake wa wadi nyingine 39 na wale walioteuliwa.

Hapa ndipo nguvu nyingi za vijana hupotea. Kisima kimekauka, zahanati haina dawa, barabara ya kwenda sokoni imekatwa na mvua, nao wanamsubiri mbunge aje wamlalamikie. Lakini maji, zahanati, kilimo, shule za chekechea na barabara za mashinani ni kazi ya kaunti, na mwenye kuzihoji ni mwakilishi wadi. Mbunge humhoji waziri kuhusu shule za sekondari, polisi, kodi na barabara kuu. Basari ndiyo huwachanganya wengi, kwa kuwa iko ya kaunti na iko ya Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, ile ambayo watu wamezoea kuiita CDF. Malalamiko yakipelekwa kwa asiyehusika, huyo hupata njia rahisi ya kujibu kwamba hilo si lake, na kweli huwa si lake.

Katiba ya 2010 haikuwasahau vijana. Ibara ya 260 inamtaja kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafikisha 35. Ibara ya 55 inaiagiza serikali kuhakikisha vijana wanapata nafasi ya kushiriki siasa. Katika Seneti kuna viti viwili vya vijana, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Ni vichache, na wanaovipata huteuliwa na vyama. Ninavitaja ili ujue vipo. Nguvu kubwa ya kijana haiko kwenye viti hivyo.

Kura, na hesabu ya mgombea

Kabla ya yote, kitambulisho na kadi ya mpigakura. Katika uchaguzi wa 2022 waliojiandikisha walikuwa watu milioni 22.1, na kwa mujibu wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, vijana walikuwa asilimia 39.84 ya hao. Idadi ya vijana waliojiandikisha ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 kutoka ile ya 2017. Haya yalitokea katika nchi ambayo, kwa sensa ya 2019, robo tatu ya watu wake hawajafikisha miaka 35, watoto wakiwemo.

Wanasiasa huzisoma takwimu hizi kwa makini kuliko sisi. Mgombea anayepanga kampeni hupata sajili ya wapigakura ya kila kituo. Akiona kituo fulani kimejaa wazee, ataongea habari za wazee. Kijana asiyejiandikisha hamkomoi mwanasiasa yeyote, anamrahisishia kazi.

Lakini kura ni siku moja, na kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna siku zaidi ya 1,800. Ibara ya 104 inampa mpigakura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kuisha, ila masharti ya kuitumia ni magumu kiasi kwamba sijui mbunge hata mmoja aliyeondoka kwa njia hiyo. Basi swali la maana ni hili: katika siku hizo zote nyingine, kijana afanye nini?

Kwa ufupi: jiandikishe, ujue jambo lako ni la kaunti au la serikali ya kitaifa, kisha usingoje uchaguzi.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita wapi

Mswada ni pendekezo la sheria kabla halijawa sheria. Ukifika bungeni husomwa kwa mara ya kwanza, na hapo ni kichwa chake tu kinachotajwa. Kisha hupelekwa kwenye kamati, yaani kundi dogo la wabunge wanaoshughulikia jambo hilo. Kamati hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge kwamba inapokea maoni ya wananchi. Baada ya hapo huandika ripoti, mswada ukasomwa mara ya pili na kujadiliwa, ukapitiwa kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho, kisha ukapelekwa kwa rais atie sahihi au aurudishe.

Katika safari hiyo yote, mwananchi wa kawaida ana mlango mmoja ulio wazi kwake kisheria, nao ni kamati. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liendeshe shughuli zake waziwazi na liwashirikishe wananchi. Mlango huo hukaa wazi kwa siku chache, wiki mbili tatu hivi, kisha hufungwa.

Sasa tazama yaliyotokea 2024. Mswada wa Fedha, ambao hueleza kodi za mwaka mpya, ulifikishwa bungeni Mei. Ndani yake mlikuwa na kodi ya thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kodi mpya ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000. Kamati ya Fedha ikakaa kupokea maoni. Waliofika mbele yake walikuwa hasa vyama vya wafanyabiashara, wahasibu na mashirika ya kiraia, watu ambao kusoma miswada ndiyo kazi yao ya kila siku.

Vijana waliusoma mswada huo kwa nguvu Juni ilipokaribia na kuendelea. Walifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya Kenya kwa ukubwa ule: waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha mbalimbali za nchi, wakaueleza kwa video fupi ambazo bibi na babu vijijini walizielewa. Juni 18, siku maandamano yalipoanza Nairobi, serikali ilikubali kuondoa kodi ya mkate na ile ya magari, pamoja na ushuru wa mafuta ya kupikia. Juni 20 mswada ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Juni 25 ukapita mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106, na alasiri hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge huku wenzao wakipigwa risasi nje. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Mswada ulikufa. Na watu walikufa: kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39. Vijana waliouawa walikuwa na haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, iliyoandikwa katika Ibara ya 37. Aliyewafyatulia risasi ndiye mwenye hatia, wala hakuna mafunzo ya utaratibu wa Bunge yanayoweza kulipunguza hilo.

Hata hivyo yako mafunzo, na ningekuwa naficha jambo nisipoyasema. Uchambuzi ule wa vijana wa Juni ulikuwa na ubora wa kutosha kuwekwa mezani mwa kamati mwezi Mei. Laiti ungefika wakati huo, kwa maandishi, kutoka kila eneobunge, kila mbunge angeingia kwenye kura akijua kwamba watu wa kwao wamesema nini, na kwamba maneno yao yamo katika kumbukumbu. Maandamano na maandishi hayashindani. Ila maandishi yana tarehe ya mwisho, na kuipitisha tarehe hiyo ni hasara.

Karatasi moja yenye safu tatu

Maoni yanayopelekwa kwa kamati huitwa memoranda. Jina hilo huwatisha watu bure. Memoranda nzuri hutosha katika ukurasa mmoja, na watu wa kamati huipenda ikiwa imepangwa kwa safu tatu: kifungu unachokizungumzia, unachotaka kifanyiwe, na sababu.

Tuseme kikundi cha vijana wenye magari ya abiria Kanyangi kingeandika Mei 2024 kuhusu kodi ya magari. Safu ya kwanza ingetaja kifungu cha mswada kinacholeta kodi hiyo. Safu ya pili: "Kifutwe." Safu ya tatu ndiyo yenye uzito: "Gari aina ya Probox linalobeba abiria kati ya Kanyangi na Kitui lina thamani ya shilingi 400,000 hivi. Asilimia 2.5 ni shilingi 10,000 kwa mwaka, zinazodaiwa kwa pamoja siku ya kukata bima. Mwenye gari ataziongeza kwenye nauli. Wanaolipa nauli hiyo ni akina mama wanaopeleka ndengu sokoni na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Kitui."

Chini yake weka majina, nambari za vitambulisho, sahihi na nambari ya simu ya mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Ipeleke kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au kwa baruapepe iliyotajwa kwenye tangazo. Nakala moja mpe mbunge wako, nyingine ibaki kwenu.

Sababu ya Probox ina nguvu kuliko matusi elfu moja mtandaoni, na ina nguvu hata kuliko hoja ya mhasibu wa Nairobi, kwa kuwa mhasibu haijui nauli ya Kanyangi. Wewe unaijua. Nawaomba vijana wasiidharau elimu hii waliyo nayo. Mbunge aliyeketi Nairobi anaweza kupata mtaalamu wa kodi siku yoyote. Mtu wa kumweleza kodi hiyo itakavyotua kwenye mfuko wa muuza ndengu hampati kirahisi.

Mwombe pia mwenyekiti wa kamati aeleze kwa nini pendekezo lenu limekubaliwa au limekataliwa. Mnamo Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba Bunge halikueleza lilivyoyapima maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo Oktoba 29 mwaka uleule. Mjadala wa kama ni lazima Bunge lijibu haujaisha katika siasa zetu, na njia mojawapo ya kuufanya uishe vizuri ni watu wengi kuuliza.

Ombi: kuliandikia Bunge jambo ambalo halijaletwa

Memoranda hujibu mswada uliopo. Je, kama tatizo lako halina mswada? Hapo kuna ombi, yaani barua rasmi ya mwananchi ya kulitaka Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki hiyo, na sheria ya 2012 inaeleza namna ya kuitumia.

Ukambani hatukuanza jambo hili na Katiba mpya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba mifugo imezidi ardhi. Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association waliandika malalamiko, na yalipopuuzwa wakaongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos kwenda Nairobi. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Hawakuwa na mbunge, hawakuwa na kura. Mwafrika wa kwanza aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria 1944, na Wakamba walimchagua mjumbe wao wa kwanza, James Muimi, mwaka 1957.

Leo kijana hahitaji kupiga kambi Nairobi. Ombi lake linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kompyuta, mradi lisomeke. Lazima lieleze mambo haya: tatizo ni nini, mmeshajaribu kulitatua kwa ofisi gani na mkajibiwaje, kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo, na mwishoni, mnaliomba Bunge lifanye nini hasa. Mwombaji huweka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, au alama ya kidole gumba. Mbunge anaweza kuliwasilisha, lakini si lazima upitie kwake: mwombaji mwenyewe anaweza kulipeleka kwa Karani, na Spika akalisoma bungeni. Kipengele hicho ni cha thamani kubwa kwa mtu ambaye mbunge wake hashiki simu.

Sehemu inayowashinda wengi ni ile ya "mmeshajaribu nini". Inataka ushahidi kwamba uliandikia ofisi ya chini kwanza. Kwa hiyo anza kuhifadhi barua leo. Kila unapoipeleka ofisini, beba nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa "imepokewa" na tarehe. Karani wa mapokezi akikataa kupiga muhuri, omba kwa upole, subiri, uombe tena.

Bunge la Kaunti nalo hupokea maombi, na kwa mtu wa Kanyangi huenda hili ndilo lenye manufaa ya haraka zaidi. Mfano ni biashara ya mchanga. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Mito ilikuwa inaharibiwa, na hatua ilihitajika. Lakini waliokuwa wakipakia malori kwa koleo ni vijana, na hoja ya watapata wapi kibarua kingine ilistahili kuletwa bungeni na wao wenyewe. Jirani zetu wa Makueni walikuwa wametunga sheria nzima ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kikundi cha wapakizi kingeweza kuisoma sheria ile, kichukue kinachofaa, na kuliomba Bunge la Kaunti ya Kitui litunge yake.

Ng'ambo ya Athi

Kwa kuwa tumewataja Makueni, tukae nao kidogo. Mto Athi unatutenganisha, ila lugha ni moja na ukame ni uleule. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, kaunti hiyo ilijenga utaratibu wa wananchi kuchagua miradi ya maendeleo ambao wageni husafiri kutoka nchi nyingine kuja kuuangalia. Mkutano huanzia kijijini. Mapendekezo hupanda hadi kundi la vijiji, sehemu ya wadi, wadi, kaunti ndogo, na mwisho mkutano wa kaunti nzima. Ni ngazi sita. Katika kila ngazi watu huchagua kamati ya maendeleo, na vijana wana nafasi yao humo.

Kijana wa miaka 19 anayeogopa kusimama mbele ya wazee 300 wadini anaweza kusema mbele ya watu 40 kijijini kwake, ambao wote wanamjua yeye ni mtoto wa nani. Akishazoea, anapanda. Naamini hivi ndivyo wabunge wazuri wanavyopatikana.

Na Makueni walilipia utaratibu huo. Mwaka 2014 gavana na wawakilishi wadi waligombania bajeti hadi kukawa na ufyatulianaji wa risasi katika majengo ya bunge la kaunti mjini Wote, mwezi Septemba. Wakazi walikusanya maelfu ya sahihi wakiomba serikali ya kaunti yao isimamishwe, jambo ambalo Katiba inaliruhusu katika Ibara ya 192. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilisikiliza ushahidi ikapendekeza kwamba isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa Septemba 2015. Ungedhani sahihi zile zilipotea bure. Lakini uchaguzi wa 2017 ulipofika, Kibwana alirudishwa, na wengi wa wawakilishi wadi waliokuwemo hawakurudi.

Kitui ina mikutano yake ya ushirikishwaji wa umma, kwa kuwa Ibara ya 196 inailazimu kila kaunti. Ukiwahi kuhudhuria mmoja, umeona ulivyo: hema, viti vya plastiki, afisa kutoka mjini akisoma jedwali la kurasa nyingi kwa Kiingereza, na daftari la mahudhurio likizunguka. Inapofika saa ya maswali, wazee watatu wanaongea, kisha watu wanaulizana kuhusu soda na nauli. Daftari lile ndilo litakalopelekwa kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Kwa hiyo ombeni jedwali siku kadhaa mapema, mtafute ukurasa wenye jina la Kanyangi, na msimame watu watano mkiwa mmegawana maswali. Ombeni pia lisomwe kwa Kikamba au Kiswahili.

Ukambani tuna mwethya, vikundi vya majirani wanaolimiana, wanaochimbiana matuta na kujengeana nyumba kwa zamu. Vijana wengi wako katika vikundi vya namna hiyo, au vya bodaboda, au vya kuweka akiba. Sioni haja ya kuunda chama kipya cha "demokrasia". Kikundi kilichopo tayari kina mwenyekiti, katibu na daftari. Kiongezeeni ajenda moja kwa mwezi, na kazi ya kufuatilia tarehe hizi:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hufikishwa Bunge la Kaunti. Mradi ambao haumo humu huwa vigumu kupata fedha baadaye.
- Februari 28: hufika waraka unaogawa fedha kwa idara, yaani maji kiasi gani, afya kiasi gani.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti hufika, ya kaunti na ya taifa.
- Juni 30: mwaka wa fedha unaisha, na kwa kawaida kila kitu kimeshaamuliwa.

Ukiniuliza tarehe moja ya kukariri, nitakuambia Septemba 1. Wengi huamka Juni, wakati mgao umeshakatwa.

Kumfuatilia mheshimiwa

Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, ambazo unaweza kuzisoma kwenye tovuti ya Bunge. Katikati ya miaka ya 2000, vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, waliona wananchi hawana njia ya kujua wabunge wao wanafanya nini, wakaanzisha tovuti ya Mzalendo. Leo Mzalendo ni taasisi inayochapisha kila mwaka orodha ya wabunge kwa jinsi walivyochangia mijadala. Tafuta jina la mbunge wako humo. Kisha linganisha na wabunge wa jirani, uyabandike matokeo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji bila matusi wala chumvi. Mbunge aliyenyamaza mwaka mzima ataulizwa na wapigakura wake kwa takwimu, na hilo huuma kuliko kuzomewa.

Na ukitaka kuingia mwenyewe?

Tom Mboya alikuwa na miaka 26 alipochaguliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957. John Paul Mwirigi alikuwa na miaka 23 aliposhinda kiti cha Igembe Kusini mwaka 2017, bila chama, akizunguka kwa miguu kuomba kura, akapata kura 18,867. Mwaka huohuo Cynthia Muge, miaka 24, alishinda wadi ya Kilibwoni kule Nandi, naye akiwa mgombea huru. Mwaka 2022 Linet Chepkorir, maarufu Toto, alichaguliwa mwakilishi wa kike wa Bomet akiwa na miaka 24.

Hawa ni wachache, na sababu kubwa ni pesa. Ada ya Tume ya Uchaguzi siyo kikwazo: mwaka 2022 kijana aliyegombea uwakilishi wadi alilipa shilingi 2,500, nusu ya ada ya kawaida, na aliyegombea ubunge 10,000. Ada za vyama huwa juu ya hapo. Kisha kuna mafuta ya gari, mabango, na ile tabia yetu ya kumtarajia kila mgombea atoe kitu kidogo. Kijana mwenzako akigombea, msaidie kwa kukataa hicho kitu kidogo, kutoka kwake na kutoka kwa mpinzani wake.

Katika sehemu kubwa ya Ukambani uamuzi mzito hufanyika katika kura ya mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa chama wa kumpata mgombea wake. Asiyekuwa mwanachama hana kauli humo. Basi ama uingie chamani mapema, ujulikane kwa kazi, na uombe jina lako liwekwe kwenye orodha ya wateule wa vijana. Ama ugombee ukiwa huru. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na wa ubunge 1,000 wa eneobunge. Ni lazima pia awe si mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba walikuwa wamesajiliwa katika vyama bila kujua. Kabla ya kutangaza nia, ingia kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa utazame jina lako limekaa wapi, na kama limo chamani bila ridhaa yako, liondoe. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Anayetaka kuwa mgombea huru wa wadi ya Kanyangi awe ametoka chamani kabla ya Mei 10 mwaka huo, na ukusanyaji wa zile sahihi 500, nyumba kwa nyumba, hauhitaji kungoja mpaka hapo.